Nilivyomnenepesha Mbelgiji wa Mbio za Magari

Watu wengine hupenda kusimulia walivyomsaidia fulani akafika mbali. Mimi nitasimulia nilivyokaribia kumzuia kijana wa watu asifike popote, na nilichomzuilia kilikuwa wali wa nazi.

Nimezaliwa na kukulia Tanga, nikaolewa na Mwafrika Kusini. Alikuwa mmoja wa wale wapigania uhuru waliokaa kwetu miaka mingi, fundi wa malori kambini kwao, Morogoro. Mwaka uliofuata ule uchaguzi wao mkubwa tukafunga mizigo kuja kwao, Johannesburg. Uwanja wa ndege, mume wangu, ambaye alifundishwa kufungua na kufunga bunduki akiwa amefumba macho, alipita bila kuulizwa kitu. Aliyesimamishwa ni mimi. Afisa alitoa kwenye sanduku langu mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno, akaishika mbali na mwili wake na kuniuliza inafanya nini. Nikamwambia ni ya kupikia. Akaniangalia mimi, akaangalia yale meno, akamwita mwenzake. Mwisho ikabidi niikalie palepale, mbele ya abiria wote, niwaonyeshe namna ya kukuna bila nazi. Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo, akimsubiri mkwe wake aliyekuwa hajawahi kumwona. Alivyoniona ni hivyo.

Tulipata nyumba Bertrams, karibu na uwanja wa raga. Siku za mechi unamwita mtoto aliye chumba cha pili hasikii. Mume wangu alipata kazi gereji moja Jeppestown. Bosi wake alikuwa Kaburu mwenye masharubu, na wawili hao, ambao miaka michache nyuma wangeweza kupigana risasi, sasa waligombana juu ya spana tu. Gereji ilitengeneza magari ya mashindano. Nikauliza, mashindano ya kwenda wapi? Mume wangu akasema hayaendi mahali, yanazunguka.

"Halafu?"

"Halafu yanarudi palepale."

Nilicheka wiki nzima. Kila akitoka asubuhi nilimuuliza kama leo yatafika.

Alinieleza kwamba yanaitwa magari ya GT. Ni kama yale ya matajiri wa Sandton, ila yametolewa redio, mazulia, kiyoyozi, na viti vyote isipokuwa kimoja. Nikasema, yaani mmeyaharibu. Akasema, "Hayi, mama watoto, tumeyapunguza uzito. Kwenye kazi hii kila kilo ina maana." Sentensi hiyo aliniambia mezani kwangu, kwa Kiswahili chake cha Morogoro ambacho nakielewa vizuri sana. Sikio la kufa halisikii dawa.

Huyo Mbelgiji alikuja mwaka wangu wa tisa huku, baridi ikiwa imeanza. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, mrefu, shingo kama ya korongo, begi moja dogo na kofia ngumu ya mbio aliyoikumbatia kama mtoto mchanga. Dereva mmoja wa gereji yao alikuwa amevunjika mkono, na mbio tatu za msimu zilikuwa bado. Bosi akamwita huyu azimalizie. Hoteli haikuwemo katika makubaliano, kwa hiyo mume wangu akasema tuna chumba cha uani. Hakuniuliza. Na mimi, badala ya kugomba, nilifurahi hadi nikatandika shuka jipya. Mzungu anakuja kulala Bertrams, kwangu! Nilitembea barabara nzima siku hiyo nikinunua vitu ambavyo sikuvihitaji, ili tu niulizwe.

Jioni ya kwanza alitueleza habari zake kwa Kiingereza, mume wangu akinitafsiria. Baba yake alikuwa na duka la vigae katika mji mdogo, na yeye alianza kuendesha vile vigari vidogo visivyo na paa akiwa na miaka saba. Akapanda, akapanda, hadi magari ya kiti kimoja, na hapo akakwama, kwa sababu kwenye ngazi ile kila kipandio kinataka mtu wa kukushika mkono, na yeye hakuwa na mtu. Magari ya GT ndiyo yaliyombakizia mlango, maana huko madereva wawili hupokezana gari moja na hutafutwa mtu wa kujaza nafasi. Bosi alikuwa na rafiki Ulaya mwenye magari yake mwenyewe, ambaye alikuwa akitafuta kijana wa kumwendeshea mwaka unaofuata. Sharti lilikuwa moja: katika mbio hizi tatu, apande jukwaani angalau mara moja, yaani awe miongoni mwa watatu wa kwanza. Akishindwa, anarudi kuuza vigae.

"Na vigae si kazi mbaya," alisema, kisha akatazama meza. Nikajua kwamba kwake ni mbaya.

Huruma ilinishika. Nikamtazama vile vifundo vya mikono. Jirani yangu Mkongomani, aliyekuwa ametafuta kisingizio cha kuja kuazima kitunguu, akamtazama pia, akanivuta jikoni.

"Huyu njo Mubeleji?" akaninong'oneza. "Babu yangu alituambiaka Babeleji walikuwa na matumbo makubwa. Huyu mbona amekauka hivi? Kwabo bananyimaka chakula?"

Nikamwambia atanenepa. Ninalikumbuka neno hilo vizuri kwa sababu nililisema nikiwa na mwiko mkononi, kama mtu anayekula kiapo.

Sasa niseme jambo ambalo kila msomaji wangu wa pwani analijua. Kwetu, mgeni akimaliza chakula sahani ikabaki nyeupe, aibu ni ya mwenyeji: maana yake kingekuwepo kingine angekula. Kwa hiyo unamwongeza. Mgeni mwenye adabu husaza kidogo pembeni, na hapo ndipo unajua ameshiba. Anayekomba sahani ni mtoto wa nyumbani, ambaye hana wa kumwonea haya. Na mgeni akisema asante, inatosha, hiyo si habari, hiyo ni heshima. Unamwongeza, anakataa tena, unamwongeza, ndipo anakula kwa raha.

Mbelgiji hakulijua hilo. Kwao, kama alivyokuja kunieleza mambo yakiwa yameshaharibika, bibi aliyemlea alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na mtoto aliyeacha hata punje moja alikalishwa mezani mpaka aimalize. Kwa hiyo yeye alikuwa na adabu ya kwao na mimi nilikuwa na adabu ya kwetu, na tukakutana kwenye sahani. Ninapakua, anamaliza. Amemaliza, bado ana njaa, ninaongeza. Nimeongeza, hawezi kuacha, anamaliza. Anasema "asante mama, inatosha," na mimi ninajisemea, mtoto ana haya huyu, kalelewa vizuri, na ninamwongeza. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza au Kizulu, alikuwa akitutazama kama anayetazama mpira. "Eish, Mama," akaniambia siku moja, "mwache basi, hawezi kupumua." Nikamwambia watoto wa siku hizi hawana utu.

Na nilipika, jamani. Nazi nilizifuata Fordsburg kwa Wahindi, nikazikuna mwenyewe kwenye ileile mbuzi iliyoniaibisha uwanja wa ndege. Asubuhi maandazi na chai ya maziwa. Mchana nilimfungia mume wangu chapati za kusukuma na kuku wa kupaka, sehemu mbili, moja ya kijana. Jioni wali. Ijumaa pilau. Jumapili mkate wa kumimina, na alipoonja wa kwanza alifumba macho, nikajiona malkia. Kuna mpishi gani atakayeona macho yamefumbwa hivyo akaacha?

Siku ya tatu baada ya kufika walimtengenezea kiti. Mume wangu alinieleza na sikumsikiliza. Madereva hawa hawakalii kiti cha kawaida. Dereva anawekwa ndani ya gari juu ya mfuko mkubwa wa plastiki, humo humiminwa dawa mbili, zinaumuka kama hamira, zinamzunguka mgongo na nyonga, zinakauka zikiwa na umbo lake yeye. Kila dereva ana chake, kinachopachikwa zamu yake ikifika. Kinambana vizuri ili kona zisimrushe. Yaani kile kiti kilikuwa ni yule kijana alivyokuwa siku ya tatu, kabla yangu.

Mbio za kwanza zilikuja baada ya wiki moja. Alishika nafasi ya tano, bosi akampiga bega, wakazungumza kila mmoja kwa lugha yake, Kiholanzi cha Ubelgiji na Kikaburu, wakaelewana kama ndugu. Nikapika biriani. Wiki zikaenda. Suruali zake zikaanza kumkataa kiunoni. Akaja kwangu na haya, nami nikamwambia, kwa uhakika wa daktari, kwamba maji ya Johannesburg yanakaza nguo. Nikaziachia mishono, na ile ya jinzi nikaitia kipande cha kanga nyuma. Alishukuru sana.

Mbio za pili zilikuwa mwezi mmoja baada ya zile. Alirudi nyumbani uso umemshuka. Katikati ya mbio mguu wa kulia ulikufa ganzi, akapoteza gari kwenye kona, likazunguka, akamaliza wa tisa. Mume wangu na wenzake walilifungua lile gari siku nne, wakatafuta ubovu kwenye breki, kwenye usukani, kwenye kila kitu chenye skrubu. Mimi nilitafuta ubovu kwenye nguvu za mtoto. Nikapika bokoboko, ngano na nyama zilizopondwa zikavutika, samli juu, maana bokoboko ndilo linalomsimamisha mzazi aliyetoka kujifungua. Litashindwaje na mguu?

Ukweli ulijulikana mizanini. Alhamisi moja bosi alitaka kupima gari pamoja na dereva, wakakuta uzito umezidi, wakampima dereva peke yake. Kilo nane. Kisha wakamwambia akae kwenye kile kiti, na ndipo wote walipoona: alikikalia juu juu, nyonga hazikuingia, na pale pembeni palipombana ndipo ulipo mshipa wa mguu. Mume wangu aliporudi jioni hakuvua hata viatu.

"Umemlisha nini yule mtoto?"

"Chakula," nikasema. "Kwani wewe ulitaka nimlishe nini?"

Akakaa. Akanieleza yote, pamoja na lililonimaliza. Bosi, amefura, alimuuliza kijana ni nani anayemlisha hivyo. Na kijana, akijua kwamba mume wangu amesimama pale na kwamba huenda akafukuzwa kazi kwa ajili yangu, alisema amekuwa akitoroka kwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua chipsi na mikate ya kukaanga. Akatukanwa. Akaambiwa hana nidhamu, kwamba mbio za mwisho ni baada ya wiki tatu, na kama hatapanda jukwaani, tiketi ya kwao iko mezani. Hakutaja jina langu.

"Na wewe ulisema nini?" nikamuuliza mume wangu.

Akainama kufungua kamba za viatu. Nami sikuwa na haki ya kumkaripia, ingawa nilimkaripia.

Usingizi haukuja. Niliona aibu hadi masikio yakawa ya moto. Kijana wa watu ametoka kwao na begi moja na ndoto moja, na mimi nimeifunika ndoto yenyewe kwa tui. Asubuhi nikavaa buibui langu jeusi la mazishini, nikaamua kwenda Jeppestown kumwambia bosi ukweli. Ila mtu haendi nyumba ya mtu mikono mitupu. Hilo pia ni adabu ya kwetu. Kwa hiyo nilikwenda kukiri kosa la kumlisha dereva kupita kiasi nikiwa nimebeba sufuria la pilau.

Bosi alinisikiliza, mume wangu akitafsiri huku ametazama sakafu. Nikasema mkosaji ni mimi, kijana hajawahi kuiona hiyo spaza, kama ni kufukuza afukuzwe mpishi. Bosi akatazama sufuria. Akafunua kifuniko. Akala kijiko kimoja amesimama, kisha akavuta kiti.

"Sasa nimeelewa," alisema, baada ya sahani ya pili.

Lakini pilau halikubadilisha kitu. Kijana ataanza kula mboga leo, alisema, ila kilo nane haziondoki kwa wiki tatu, na akijilazimisha atazimia ndani ya gari. Kiti kingine hakiwezekani: zile dawa za povu hutoka Ulaya, na zitafika baada ya mbio. Wamejaribu kukipunguza cha zamani kwa msumeno, kikamegeka pembeni kipande kama cha mkate. Alinionyesha. Kilikuwa juu ya meza, cheupe, kimepinda, kigumu kiasi lakini si kigumu sana. Nikakigusa kwa ukucha. Nikakisugua kwa kidole gumba. Mikono yangu ikakijua kabla ya kichwa.

"Nipeni nikakikune," nikasema.

Mume wangu alikataa kutafsiri. Ilibidi niseme mwenyewe kwa Kiingereza changu cha sokoni.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta uani kwangu, Bertrams, jua la baridi likinipiga mgongoni, nimeikalia mbuzi, kiti cha gari la mbio mapajani. Kukuna nazi si nguvu. Anayetumia nguvu hufika kwenye kifuu, tui likawa jeusi. Unaweka mkono mwepesi, unazungusha, unasikiliza meno yanavyouma. Nilikuna hivyohivyo. Vumbi jeupe lilijaa kwenye kanga, kwenye nywele, kwenye sufuria nililokinga chini kwa mazoea. Jirani yangu Mkongomani alichungulia ukutani akauliza nazi kubwa namna hii imetoka inchi gani.

Shida ilikuwa kujua wapi kukuna. Kijana alikaa, akasema hapa, akakaa tena, akasema hapana, pale. Nikakasirika, nikaingia jikoni, nikatoka na unga wa chapati, nikampaka mgongoni na nyongani suruali nzima ikawa nyeupe. Kwenye kiti nikapitisha kitambaa chenye maji. "Kaa." Akakaa. "Inuka." Palipobana sana, unga ulikuwa umegandamana kwenye kiti, palipokuwa na nafasi, hapakuwa na kitu. Nikakuna palipogandamana. Nikampaka tena. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hivi ndivyo tunavyofanya na vyuma," alisema polepole, "ila sisi tunatumia rangi ya buluu."

Ni mara moja tu katika ndoa yetu amenitazama vile juu ya jambo la kazi yake, na siisahau.

Siku nne nilikuna. Meno mawili ya mbuzi yakavunjika. Na wiki zile tatu zote nikapika matango. Nikichemsha samaki bila chumvi wala ndimu, ninageuka nisimwone anavyomla. Alipokimbia asubuhi kuzunguka uwanja, wanaume wa hosteli ya vibarua ya jirani wakimpigia miluzi, nilisimama dirishani nikiwaza maandazi ambayo sikuwa nimeyapika. Akisema "asante mama, inatosha," ilibidi nimwamini, na hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya katika nchi hii kuliko hiyo. Nilimfundisha pia. Nilimwambia, ukitaka mwanamke wa kwetu aache kupakua, saza. Acha tonge moja pembeni. Alijaribu. Alilitazama lile tonge la samaki, akanitazama mimi, akalila.

"Siwezi, mama," akasema. "Bibi atanijia ndotoni."

Siku ya mbio nilikwenda uwanjani kwa mara ya kwanza, nje ya jiji, njia ya Pretoria. Kijana alikuwa amepungua kilo nne. Nne nyingine nilikuwa nimezikuna. Aliingia kwenye kiti, akajisogeza, nyonga zikazama, mikanda ikafungwa, akaninyooshea kidole gumba. "Sharp, mama," akasema; neno hilo alifundishwa na binti yangu.

Sasa, gereji ilikuwa na magari mawili, yote meupe yenye mstari wa buluu. Mume wangu alinieleza namna ya kuyatofautisha, na mpaka hapo mnajua huwa nafanya nini mume wangu akinieleza jambo. Saa mbili nzima nilishangilia. Nilipiga vigelegele hadi wazungu wa karibu wakahama. Kila gari langu lilipopita niliinuka, na lilipopita watu wawili kwa mkupuo nilimkumbatia mwanamke nisiyemjua. Niliimba. Niliapa kwamba nitafunga siku tatu.

Kisha moshi ukatoka. Gari langu likapepesuka, likasogea kwenye majani, likasimama. Dereva akatoka amejishika kichwa. Nikaketi chini. Nikajifunika kanga usoni nikalia kwa sauti, kilio cha msibani hasa. Niliyaona yale maduka ya vigae, niliona mvua ya kwao, nikamwona amesimama nyuma ya kaunta miaka arobaini akimuuzia mtu vigae vya choo, na kila kigae kina mkono wangu. Nikasema, Mungu wangu, nimemla mtoto.

Sijui nililia muda gani. Mume wangu alikuja mbio, ovaroli imelowa jasho, akanifunua kanga.

"Unalia nini?"

"Gari!"

"Gari gani? Lile ni la wenzake!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, mtu ambaye sikuwa nimemwona akilia hata tulipomzika baba yake. "Wa tatu, mama watoto. Kafika wa tatu!"

Kwa hiyo ushindi wa pekee niliowahi kuusaidia katika maisha yangu sikuuona, kwa sababu nilikuwa nimejifunika kanga nikimlilia mtu mwingine.

Aliondoka baada ya siku tisa. Alipata nafasi yake Ulaya. Kiti kile hakikuwa na kazi tena, maana huko wangemmiminia kingine, basi akaniachia. Aliandika nyuma yake kwa kalamu nene: cha mama. Nikakiweka barazani, binti yangu akawa anakikalia kusoma. Kadi zilikuja, kisha picha: yeye na gari jekundu, yeye na gari la njano, mbio za mchana kutwa, jukwaa, chupa. Kila picha shingo ilikuwa imerudi kuwa ya korongo. Nilizibandika kwenye friji na kila mgeni alisomewa historia, nikiruka sehemu ya bokoboko.

Miaka mitatu baadaye akaja. Wakubwa wake walileta magari kushindana huku, akafikia hoteli Sandton, akapiga simu kusema Jumapili atakuja kula. Nilianza kupika Ijumaa. Alipoingia alisema shikamoo bila kukosea, akainama kupita mlangoni ingawa mlango wetu si mfupi. Alikuwa mwanaume sasa. Mashavu hayakuwepo. Alivaa saa kubwa, na alitaka kujua kila kitu, kazi ya mume wangu, shule ya binti, yule jirani Mkongomani. Binti akaburuta kile kiti kutoka barazani, na kijana akacheka, akakikalia. Kilimpwaya. Mkono wa binti yangu ulipita kati ya kiti na nyonga bila kugusa kitu. Tulicheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote.

Nikapakua wali, kidogo, maana na mimi nimefunzwa. Alikula polepole. Alisifu. Alifumba macho kama zamani. Nilipoinua mwiko, akaweka kiganja juu ya sahani, kwa upole.

"Asante, mama. Nimeshiba."

Na pembeni mwa sahani alikuwa ameacha tonge moja, limekusanywa vizuri, kama la mgeni mwenye adabu, kama nilivyomfundisha.

Nikamsifu mbele ya wote. Nikasema mnaona adabu hiyo? Mume wangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukamsindikiza hadi kwenye gari, akanikumbatia, nikamwombea dua, akaondoka, akasimama kwenye roboti pale mbele, taa ikawaka kijani, akapinda. Nilifurahi kwa ajili yake kabisa. Na roho iliniuma, nisiwadanganye, iliniuma kama jino.

Nilirudi mezani kutoa vyombo. Binti alikuwa tayari anakusanya sahani.

"Iache hiyo," nikamwambia.

Nikaichukua sahani yake nikaenda nayo jikoni, nikala lile tonge nimesimama, nikaikomba kwa kidole mpaka ikawa nyeupe.